Mwalimu wa kitengo si ziada: barua ya wazi kwa wanaopanga walimu

Kwa viongozi wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, TAMISEMI na Tume ya Utumishi wa Walimu, na kwa wakurugenzi na maofisa elimu wa halmashauri zote nchini.

YAH: WALIMU WA ELIMU MAALUMU KUHAMISHWA KWA MSAWAZO WA IKAMA

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya katika kitengo cha elimu maalumu, na mwakani nafikisha umri wa kustaafu kwa lazima. Siandiki kudai malimbikizo wala kulalamikia kikokotoo. Nina ombi moja, na naliweka hapa mwanzoni ili hata asiyefika mwisho wa barua awe amelisoma: mwalimu aliyesomea elimu maalumu asihesabiwe pamoja na walimu wa madarasa ya kawaida wakati wa kusawazisha ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa kila shule, na asitolewe kitengoni mpaka awe amefika mwingine wa kupokea kijiti mwenye mkondo uleule, yaani aliyesomea aina ileile ya ulemavu.

Ninyi mnajua msawazo unavyofanyika. Wazazi watakaosoma barua hii hawajui, kwa hiyo niruhusuni nieleze. Watoto wengi wenye mahitaji maalumu hapa nchini hawasomi kwenye shule maalumu zinazojitegemea. Wanasoma kwenye vitengo vilivyo ndani ya shule za msingi za kawaida: chumba kimoja au viwili, pengine na bweni dogo, walimu wawili au watatu, na mama mmoja wa kuwafulia na kuwalisha. Ukifika wakati wa msawazo, ofisi inakaa na orodha ya shule zote za halmashauri. Kiwango cha shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Wanafunzi wa shule nzima wanagawanywa kwa 45, jibu linalinganishwa na walimu waliopo, na shule yenye kitengo inajikuta imezidisha. Chukulia shule yenye wanafunzi 450, kati yao 24 wa kitengo. Hesabu inadai walimu 10. Shule ina walimu 12, maana watatu kati yao wako kitengoni. Basi wawili ni ziada, na wanaoonekana wana mzigo mwepesi ni wale wenye watoto wanane wanane. Barua inatoka, mwalimu anafungasha, anakwenda kushika darasa la tatu lenye watoto 130 katika kata nyingine.

Sisemi kwamba kata ile haina shida. Watoto 130 kwa mwalimu mmoja ni shida kubwa, na afisa aliyeandika barua ile hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na upungufu wa walimu na orodha mbele yake. Lakini tazameni kilichotokea. Darasa la tatu limepata mwalimu ambaye angeweza kuwa yeyote. Kitengo kimepoteza mtu pekee aliyeweza kuzungumza na watoto wake.

Katika halmashauri mojawapo niliyofanyia kazi, mwenzangu aliyesomea ulemavu wa kusikia aliondolewa namna hiyo mwanzoni mwa mwaka. Watoto wake wakawekwa chini ya mwalimu mwema, mchapakazi, asiyejua hata alama moja ya lugha ya viziwi. Alifanya alichoweza: alijaza ubao maandishi, watoto wakanakili. Katikati ya mwaka nilikaa nao nikapitia madaftari. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza, na kila ukurasa ulikuwa na tiki nyekundu. Msichana mmoja alikuwa ameandika, "Mama anakwenda sokoni kununua samaki." Nikamwomba anieleze kwa alama alichoandika. Akalitazama daftari, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole ubaoni. Nikamwonyesha alama ya samaki. Uso ukamchangamka papo hapo, akaniletea alama ya baba yake, ya mtumbwi, ya nyavu, ya usiku. Alikuwa na habari nyingi za samaki, kuliko mimi na mwalimu wake kwa pamoja. Asichokijua ni kwamba zile herufi sita alizoziandika vizuri vile ndiyo samaki mwenyewe.

Mtoto kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ya watu wanaosikia huja shuleni na alama chache za nyumbani: chakula, maji, njoo, hapana. Lugha yake ya kwanza anaipata kitengoni, akiwa na miaka 7 au 9 au 12. Kiswahili cha maandishi kinakuja juu ya lugha hiyo, kama lugha ya pili. Akikosa ya kwanza, ile ya pili haina pa kusimama. Ndiyo maana darasa la viziwi hupangwa nusu duara, kila mtoto aone mikono ya kila mwenzake, na mwalimu haongei huku ameugeukia ubao. Mambo haya ni madogo, lakini aliyesomea anayafanya bila kuambiwa, na asiyesomea hawezi kuyabuni peke yake hata awe na moyo wa dhahabu.

Mkondo wangu mimi ni ulemavu wa akili, ila miaka ya karibuni nimewalea pia watoto viziwi wasioona. Yuko mmoja ambaye ningependa mumfahamu, nitamweleza bila jina.

Mtoto asiyesikia na asiyeona hajui kwamba kumekucha ila kwa baridi na harufu ya moshi. Akishikwa mkono hajui anapelekwa wapi. Kila anayemgusa ni mgeni, mpaka ajitambulishe kwa namna ileile kila siku. Mimi nilijitambulisha kwa bangili: akiishika bangili ya shaba kwenye mkono wangu wa kushoto, anajua ni mwalimu. Tukaanza na vitu. Kijiko mkononi kabla ya kila mlo. Kipande cha sabuni kabla ya kuoga. Kipande cha kamba ya bembea kabla ya kutoka nje. Vitu hivyo tukavipanga kwenye boksi lenye vyumba, kutoka kushoto kwenda kulia, siku yake nzima imelala mle ndani. Anapapasa, anajua kilichopita na kinachokuja. Kabla ya boksi lile kila badiliko lilikuwa la ghafla kwake, na kila la ghafla lilimtia hofu. Baada ya muda mrefu kijiko hakikuhitajika tena, alama ya kula ikatosha ndani ya kiganja. Alama nyingine alikuja nazo kutoka kwao. Kugonga kidevu mara mbili kwa vidole ni maji. Mama yake alikuwa akimgusisha kikombe kidevuni kabla ya kumnywesha, na mtoto akalifanya hilo kuwa neno lake.

Niliwahi kulazwa hospitali, na aliyeshika nafasi yangu hakuwa na namna ya kuyajua hayo. Mtoto akagonga kidevu. Akagonga tena kwa nguvu. Mwishowe akaanza kujipiga kichwani na kung'ata mkono wake, watu wakajaa, mmoja akasema kifafa, mwingine akasema mashetani. Aliyemwelewa ni mpishi wa shule, kwa kuwa alikuwa amezoea kutuona. Alipita katikati ya watu na kikombe. Mtoto akanywa, akaomba tena, akanywa, akatulia.

Yote hayo yamo kwenye faili lake, nimeyaandika kwa mkono wangu na nayaongezea kila muhula. Lakini faili linahitaji msomaji anayejua kusoma mikono ya mtoto, na mtu huyo hapatikani kwa kugawanya wanafunzi kwa 45.

Najua kinachotufanya tuonekane hatuna kazi. Matunda yetu hayamo kwenye orodha ya matokeo ya darasa la saba. Kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, tunatakiwa kujaza majukumu na kiasi kilichotekelezwa, na ni vigumu kumweleza msimamizi asiye wa fani kwamba jukumu la wiki nzima lilikuwa kifungo cha shati. Basi nieleze hapa. Kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili kufunga kifungo kunaweza kuchukua muhula mzima, na kuna utaratibu wake. Kazi inavunjwa vipande: kushika kifungo kwa kidole gumba na cha shahada, kushika ukingo wa tundu kwa mkono wa pili, kukiinamisha, kukisukuma nusu, kuhamisha vidole, kuvuta nusu iliyobaki. Kisha tunaanzia mwisho. Mwalimu anafanya vipande vyote, mtoto anavuta ile nusu ya mwisho peke yake, ili kila anapojaribu kazi imalizikie mikononi mwake. Akizoea, tunarudi nyuma kipande kimoja. Asiyefundishwa fani hii huanzia mwanzo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mtoto anashindwa kipande cha kwanza, analia, na mwalimu kwa huruma anamfungia. Nyumbani mama naye anamfungia. Atamfungia mpaka siku mama huyo atakapofariki.

Na mtoto akishajifunga shati, akaenda chooni mwenyewe, akajua kwamba noti ya 1,000 inazidi sarafu ya 500, mama yake anaweza kwenda shambani au kwenye biashara yake bila kumfungia mlango. Nyumba nzima inafunguka. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani leo anafuga kuku na kuuza mayai kwa majirani na kwa mama ntilie wa stendi. Hawezi kuhesabu mpaka 30, lakini trei likijaa anaona limejaa, na bei ya trei anaijua. Jina lake halikuwahi kutokea kwenye karatasi yoyote ya ufaulu wa shule yetu.

Kwa wasioona hali ni hiyohiyo. Herufi zote za nukta nundu zinatoka kwenye nukta 6: ya 1 peke yake ni A, ya 1 na ya 2 ni B, ya 1 na ya 4 ni C. Mtu anayeona akijitahidi anazikariri haraka. Kufundisha ni jambo jingine. Anayetumia kibao na kalamu yake ya chuma anatoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anaigeuza na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo wakati wa kuandika kila herufi imepinduka. Mtoto akikosea, mwalimu lazima atambue kama kosa limetokea kwenye kuandika au kwenye kupapasa. Mashine ya Perkins, ya kuchapa nukta nundu, inaondoa tabu hiyo, lakini ina uzito wa karibu kilo 5 na ikikwama hakuna fundi wa mtaani anayethubutu kuifungua. Na ujuzi huu hupotea usipotumiwa. Mwalimu aliyetolewa kwenye nukta nundu akapelekwa kufundisha Maarifa ya Jamii kwa miaka kadhaa, akirudishwa anasoma kwa kusitasita, na watoto wanamjua siku ya kwanza.

Baraza la Mitihani lilishalielewa jambo hili zamani. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wasioona hupewa karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa. Kwa maneno mengine, mtihani wa taifa unakubali kwamba saa moja ya mtoto huyu si saa moja ya mwenzake. Iweje basi kwenye ikama mtoto huyohuyo ahesabiwe kichwa kimoja kati ya 45?

Kazi yetu haikuanza jana, wala haikuanza na serikali. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Serikali ikaja kuipokea kazi na kuitandaza, na tangu hapo ahadi zimeongezeka: Tamko la Salamanca la mwaka 1994 kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katika mkataba ule, ibara ya 24 haiishii kwenye haki ya mtoto kusoma. Inazitaka nchi ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama na nukta nundu, wakiwamo walimu wenye ulemavu wenyewe. Walioiandika walijua kwamba haki ya mtoto kiziwi inabebwa na mikono ya mtu fulani.

Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, wazazi wengi waliokuwa wamewaficha watoto wao wamewaleta. Bado walio nje ni wengi mno. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Wengi wao ni watu wazima na wazee, ni kweli; lakini kwenye shule za msingi watoto wenye ulemavu walioandikishwa hawafikii hata asilimia 1 ya wanafunzi wote. Tunapokwenda kwenye vijiji kuwahamasisha wazazi wawatoe, swali la kwanza tunaloulizwa si la ada wala la sare. Wanauliza, "Mwalimu wake yupo?" Mzazi aliyemleta mtoto akakuta mwalimu kahamishwa, akamrudisha nyumbani, hatamleta tena, na jirani zake wote watakuwa wameona.

Kanda ya Ziwa wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi mwishoni mwa miaka ya 2000, vituo kama Buhangija pale Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi vilipokea watoto waliokimbizwa usiku na wazazi wao. Wengine walikaa miaka bila kurudi kwao. Kwa mtoto wa namna hiyo mwalimu na matroni ndio ndugu waliobaki. Mwalimu ndiye anayejua kwamba mtoto huyu asikae karibu na dirisha kwa sababu mwanga unamwumiza macho, kwamba huyu lazima akae mbele kabisa ubaoni, kwamba kofia ya yule imechanika na mafuta ya kuzuia jua yamekwisha. Kumhamisha mtu huyo kwa barua ya aya tatu ni kumwondolea mtoto ndugu kwa mara ya pili.

Nimeshawahi kuyasema haya kwenye vikao, na jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba siku hizi tumeingia kwenye elimu jumuishi, kila mwalimu atafundisha kila mtoto, kwa hiyo vitengo vitakwisha vyenyewe. Mimi naiunga mkono elimu jumuishi kwa moyo wote. Nimeona watoto wa kitengo wakicheza rede na watoto wa darasa la nne, na nimeona watoto wa darasa la nne wakijifunza alama kwa kasi inayotushinda sisi watu wazima. Lakini mtoto asiyeona anayekaa kwenye darasa la watoto 100, bila mtu wa kumwandalia michoro ya kupapasa na kumsahihishia nukta nundu zake, anasikiliza tu mpaka kengele. Elimu jumuishi inahitaji mtaalamu zaidi kuliko kitengo kilichojifungia, kwa sababu sasa mtaalamu huyo anatakiwa awasaidie walimu wenzake katika madarasa yote. Msiitumie kama sababu ya kumwondoa.

Kuna upotevu mwingine unaoniuma. Taifa linasomesha walimu hawa, kwenye Chuo cha Ualimu Patandi kule Tengeru, Chuo Kikuu cha Dodoma na kwingineko. Wanachagua mkondo, wanafanya mafunzo kwa vitendo na watoto wenyewe, wanahitimu. Kisha nawajua vijana wenye shahada ya elimu maalumu ambao ajira ya kwanza iliwapeleka sekondari isiyo na mwanafunzi hata mmoja mwenye ulemavu, wafundishe Historia na Kiswahili kwa kuwa ndiyo masomo yao ya kufundishia. Wakati huohuo kuna kitengo katika wilaya ya jirani ambacho mwalimu wake ni mtu aliyejitolea baada ya semina ya siku chache. Wote wawili wako kazini, wote wawili wanalipwa, na hakuna kati yao aliye mahali alipoandaliwa kuwa.

Nami sitaficha kwamba wako walimu wanaotaka wenyewe kuondoka vitengoni, na wanaomba uhamisho kupitia ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni, kama watumishi wengine. Siwalaumu. Mwalimu wa kitengo anabadilisha nguo za mtoto aliyejichafua, anampeleka zahanati aliyeanguka kifafa, anabaki na asiyefuatwa na mzazi hadi magharibi, halafu mwisho wa mwezi mshahara ni uleule wa ngazi yake. Wenzetu wa Kenya wana posho ya walimu wa shule maalumu ndani ya malipo yao. Hapa kwetu nimeona kijana akificha cheti chake cha elimu maalumu alipofika kituo kipya, asije akapangiwa kitengo. Posho itasaidia, na ningefurahi kuiona hata kama mimi sitaipata. Lakini kabla ya posho kuna jambo lisilogharimu shilingi, nalo ni kumhakikishia mwalimu huyu kwamba kazi yake inajulikana ni kazi. Mtu hawezi kuweka miaka yake kwa mtoto mmoja huku akijua kwamba Januari yoyote atahesabiwa ziada.

Kwa hiyo ninachoomba kifanyike ni hiki. Ikama ya kitengo iandikwe peke yake, mbali na ya shule mama, na uwiano wake uwekwe kwa aina ya ulemavu, maana mtoto kiziwi asiyeona anahitaji mtu wake mmoja na mtoto mwenye uoni hafifu hahitaji hivyo. Mkondo wa mwalimu uandikwe kwenye taarifa zake za kiutumishi mahali ambapo anayepanga uhamisho hawezi kuacha kuuona: ulemavu wa kuona, wa kusikia, wa akili, usonji. Ikilazimu ahame, na wapo wanaolazimika kwa ugonjwa au kwa ndoa, anayempokea afike kwanza na wakae pamoja muhula mmoja, watoto wamzoee, naye azisome alama zao. Na kila halmashauri imtake afisa elimu maalumu wake aweke sahihi kwenye orodha ya msawazo kabla haijatoka. Ofisa huyo yupo tayari kwenye muundo. Mara nyingi anaiona orodha baada ya walimu kuondoka.

Halafu kuna akina mama wa mabwenini, matroni na wale wanaojitolea kupika na kufua. Wengi hawamo kwenye ajira yoyote ya kudumu, na wanalipwa kwa michango. Mpishi aliyemwelewa mtoto akiomba maji alikuwa mmoja wao. Nao wahesabiwe.

Nimalizie na kitengo changu, kwa sababu tarehe inakaribia. Nitakapostaafu atabaki mwalimu mmoja, naye mkondo wake ni ulemavu wa kuona. Watoto ninaowaacha wengi ni wa ulemavu wa akili, na wawili ni viziwi wasioona. Nafasi yangu imeshaombewa mtu kwa barua kupitia kwa mwalimu mkuu, na hatujapata jibu. Msawazo wa kawaida hufanyika karibu na shule kufunguliwa Januari. Namwomba mhusika yeyote atakayeisoma barua hii amlete mwalimu huyo kabla ya hapo, hata kama kwenye karatasi shule yetu itaonekana imezidisha kwa muhula mmoja. Nitampisha kwenye meza, nitampa mafaili yote, na nitamvisha bangili ya shaba mkono wa kushoto ili mtoto apate pa kuanzia.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa elimu maalumu, shule ya msingi